Ndoo ya rangi mbele ya vakyumu: kuvuta vumbi la mbao kwenye karakana ya nyumbani

Vumbi la mbao linaloumiza si lile unalochota kwa koleo. Maranda ya randa na pumba za msumeno huanguka chini zenyewe, ukifagia yamekwisha. Kazi iko kwenye unga wa msasa: chembe za chini ya mikromita 10 zinazoendelea kuelea muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, na zile ndogo zaidi hushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliweka vumbi la mbao kwenye Kundi la 1 la visababishi vya saratani tangu 1995, hasa saratani ya pua. Mvule huwasha ngozi na kubana kifua. Mninga unaweza kuamsha pumu. MDF, ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizobanwa, nayo ina gundi yenye formaldehaidi, kemikali ya sumu. Na karakana nyingi za nyumbani ziko kwenye banda la uani, hatua chache kutoka wanapolala watoto.

Kwa bajeti ndogo, anza na vakyumu ya kuvuta maji na vumbi, ya wati 1,200 hadi 1,400. Hata ya mtumba inafaa, mradi mota haipigi kelele ya kusaga na chujio lake linapatikana madukani. Mashine hii ina mvuto mkali lakini hewa kidogo, kwa hiyo inafaa vifaa vyenye tundu dogo la kutolea vumbi: mashine ya msasa, msumeno wa mkono wa umeme, ruta (ya kuchonga kingo na mifereji), jigsaw (msumeno wa kukata mikunjo). Haifai mashine ya kuranda mbao nene. Ile inatapika maranda mengi kwa mkupuo, na inahitaji bomba la inchi 4 na feni kubwa ya kuvutia. Bomba la inchi 4 lina uwazi mara nne ya la inchi 2, siyo mara mbili. Ukilazimisha maranda yapite kwenye mpira mwembamba, yatajifunga kama kizibo ndani ya dakika chache.

Tatizo la kwanza utakalokutana nalo ni chujio. Unga wa msasa unaziba karatasi ya chujio haraka, mvuto unakufa, na wewe unadhani mashine ni mbovu. Dawa ni kuweka ndoo katikati, kati ya kifaa na vakyumu, ili vumbi lianguke humo kabla ya kufika kwenye chujio. Hapa ndipo pa kutumia muda wako, kuliko kununua vakyumu ya bei kubwa zaidi.

Tafuta ndoo ya rangi ya lita 20, ile nene, yenye mfuniko unaobana. Utahitaji pia bomba la PVC la inchi 2 kama nusu mita, elbo moja ya nyuzi 90, kipande cha plaiwudi ya milimita 6, bolti tatu za milimita 6 zenye urefu wa sentimita 12 pamoja na nati na washa, silikoni, na tyubu kuukuu ya baiskeli.

Toboa mfuniko matundu mawili. La katikati ni la bomba linalokwenda kwenye vakyumu. La pembeni, karibu na ukingo, ni la bomba linalotoka kwenye kifaa. Chini yake funga elbo, na mdomo wake uelekee kando kando ya ukuta wa ndoo, usielekee katikati. Upepo ukiingia hivyo unazunguka, na vumbi linasukumwa ukutani.

Sasa plaiwudi. Hii inaning'inia sentimita 10 chini ya mfuniko kwa zile bolti tatu. Ndoo ya rangi inapungua upana kuelekea chini, hivyo pima kipenyo cha ndani pale pale kwenye kina cha sentimita 10, siyo mdomoni. Kata duara la kipimo hicho, kisha ligawe mafungu matatu sawa. Fungu moja liache liguse ukuta wa ndoo. Kwenye mafungu mawili yaliyobaki, punguza ukingo kwa milimita 28. Vumbi litashuka kupitia mwanya huo, na duara litazuia upepo usilichote tena kutoka chini. Fungu lisilokatwa lianzie chini ya mdomo wa elbo na kufuata upande upepo unakoelekea, la sivyo upepo mpya utashuka moja kwa moja kwenye mwanya na kuchafua kila kitu kilichokwisha tulia. Bomba la katikati liishie sentimita 3 juu ya duara. Likiwa fupi mno, linanyonya vumbi kabla halijazunguka.

Kuunga mpira wa vakyumu na bomba huwasumbua wengi kwa sababu vipimo havilingani. Chovya ncha ya bomba kwenye maji yanayochemka dakika moja au mbili; PVC hulainika kwenye nyuzi joto 80 hivi. Vaa glovu nene, lichomeke mpira wakati bomba bado laini, kisha lipoze kwa maji baridi. Usilichome kwa moto. PVC ikiungua hutoa gesi yenye asidi ya haidrokloriki. Nafasi ndogo inayobaki izungushie ukanda wa tyubu na ubane kwa klipu.

Kila kiungo kipake silikoni na ukiache kikauke hadi kesho yake. Chini ya mfuniko bandika ukanda wa tyubu kama washa. Ndoo ikivuja hata kidogo, hewa inayoingia kwa pembeni inatibua vumbi lililotulia na kulipeleka kwenye chujio. Watu wengi huilaumu ndoo wakati kosa ni uvujaji. Kabla haijaingia vumbi lolote, washa vakyumu, kisha pitisha kijiti cha udi kinachofuka kuzunguka mfuniko na viungo, bila kukikaribisha kwenye mdomo wa mpira. Moshi ukinyonywa mahali, hapo panavuja.

Ndoo nyepesi ina ugonjwa mwingine: mpira ukiziba ghafla, ukuta wake unabonyea kwa ndani kwa kishindo. Ingiza ndoo moja ndani ya nyingine ya aina hiyo hiyo, utakuwa umepata ukuta wa unene maradufu. Na usingoje ijae. Vumbi likibakiza sentimita 5 kufika kwenye duara, mwaga. Likigusa duara, yote yanayofuata yanakwenda kwenye vakyumu.

Hata ikifanya kazi vizuri, ndoo haishiki ule unga mwembamba kabisa. Huo unapita, na chujio la kawaida linaurudisha chumbani kupitia tundu la kutolea hewa. Nunua chujio la HEPA, lile linalonasa hata unga mwembamba, kama lipo la mashine yako, au weka vakyumu nje ya ukuta chini ya kibanda kisichonyeshewa, mpira ukipita kwenye tundu. Mpira wenyewe uwe mfupi, mita 3 zinatosha. Chujio likung'utwe nje, ukiwa umevaa barakoa ya N95 au FFP2. Barakoa ya kitambaa haisaidii, na ndevu nyingi huifanya hata nzuri ivujishe. Usipulize vumbi kwa kompresa, unalirudisha lote hewani.

Kwenye mashine ya msasa, hakikisha matundu ya karatasi ya msasa yamekaa sawa na ya sahani inayoibeba. Yakipishana kidogo tu, mvuto hauna pa kupita.

Umeme nao uhesabu. Vakyumu ya wati 1,400 inakula kama ampea 6, msumeno wa wati 1,800 karibu 8. Jumla 14, wakati plagi ya waya wa kuongezea ni ya 13. Kila kimoja kiwe na soketi yake ukutani.

Na cheche za grainda zisivutwe kwenye ndoo hii kamwe. Cheche moja inaweza kufuka ndani ya pumba usiku kucha.

Maranda safi ya mbao isiyo na dawa wafugaji wa kuku wanayachukua kwa furaha. Ya MDF, au ya mbao za kuezekea zilizotiwa dawa, usimpe mtu wala usiyachome. Dawa nyingi za mbao hizo zina aseniki, na moto hauiondoi. Yafunge kwenye mfuko, uandike juu yake ni nini, yaende na taka.