Deni la Mwaka 2014

Ombi langu la mkopo wa gari lilikataliwa Machi 2021, na barua ikataja sababu kwa mstari mmoja: akaunti iliyofikishwa kwa wakusanya madeni. Barua kama hiyo haitupwi kwa hasira. Sheria ya Marekani inamtaka aliyekunyima mkopo kwa sababu ya ripoti ya mikopo, yaani kumbukumbu ya jinsi unavyokopa na kulipa, akutajie ofisi iliyompa ripoti hiyo, nawe una siku 60 za kuidai bure.

Niliamua kuchukua ripoti zote tatu, za Equifax, Experian na TransUnion, ofisi kubwa tatu zinazotunza kumbukumbu hizo, kupitia tovuti yao ya pamoja, AnnualCreditReport.com. Deni lilikuwamo kwenye mbili: dola 1,184 za laini ya simu, akaunti iliyofunguliwa Juni 2014. Mimi niliingia Marekani Agosti 2016.

Jirani yangu mmoja, mkongwe wa nchi ile, alinihurumia. "Mdogo wangu, watupie hata dola hamsini wakuache." Sikumsikiliza, na nashukuru. Katika baadhi ya majimbo malipo kidogo tu huuanzisha upya muda ambao mdai anaruhusiwa kukushtaki. Tena deni lililolipwa halifutiki kwa kulipwa. Laweza kubaki kwenye ripoti hadi miaka 7 tangu lilipoanza kucheleweshwa. Ukishalipa, utamwambia nani si lako?

Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Nilipinga mtandaoni kwa ofisi hizo, nikachagua "si langu" kwenye orodha, nikabonyeza. Siku ya tisa likaja jibu: limethibitishwa. Nilidhani kuna mtu alifungua faili akatazama mkataba. Kumbe malalamiko yako hufupishwa kuwa namba ya tarakimu tatu, yakatumwa kwa kompyuta kwa kampuni inayodai, nayo mara nyingi hulinganisha tu jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani na vilivyo kwenye skrini yake. Vikifanana, basi, deni ni lako. Kampuni ya kukusanya madeni mara nyingi huwa imenunua orodha tu ya majina na kiasi. Mkataba wenyewe pengine haijawahi kuuona.

Ndipo nikarudi kusoma ukurasa wa kwanza wa ripoti, ule ambao wengi tunauruka. Kwenye taarifa binafsi palikuwa na majina yangu yamegeuzwa, la ukoo mbele, na anwani ya mji nisiowahi kukanyaga. Faili la mtu mwingine lilikuwa limechanganywa na langu. Hilo lilibadilisha hesabu. Kama ungekuwa wizi wa utambulisho, njia ni kuandikisha ripoti ya wizi kwenye tovuti ya serikali, IdentityTheft.gov, na ofisi za mikopo zinapaswa kulizuia deni ndani ya siku 4 za kazi tangu zipokee ripoti hiyo na vithibitisho vyako. Lakini ripoti ile ni tamko la kisheria. Hakuna aliyeniibia, hivyo sikuijaza.

Safari hii niliandika barua, ukurasa mmoja kwa kila ofisi kati ya zile mbili, maana kulifuta huku hakulifuti kule. Sikuishia kusema "si langu". Niliandika tarehe ya kufunguliwa akaunti, na chini yake tarehe ya kuingia nchini, nikaambatanisha nakala ya viza na mhuri wa pasipoti. Nikaongeza nakala ya leseni, bili ya umeme yenye anwani yangu, na ukurasa wa ripoti nikiwa nimelizungushia deni duara. Nakala tu, asilia haitoki mkononi. Pia niliwataka waondoe jina lile lililogeuzwa na ile anwani, kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyolivuta deni, na vikibaki vitavuta jingine.

Barua zilikwenda kwa rejista, na kadi ya kurudisha saini ya mpokeaji. Kadi hiyo ndiyo saa yako: siku za uchunguzi, kwa kawaida 30, huhesabiwa tangu walipopokea. Ukiwapelekea karatasi nyingine katikati, wanaweza kujiongezea hadi 45, ndiyo maana nilituma kila kitu kwa pamoja.

Barua ya tatu niliwapelekea wakusanya madeni wenyewe. Notisi yao ilikuwa imenifikia siku 11 kabla, na ukipinga kwa maandishi ndani ya siku 30 lazima wasimamishe kudai mpaka wathibitishe. Niliomba nakala ya mkataba, jina la mdai wa mwanzo na mchanganuo wa zile dola 1,184. Hawakujibu hata neno moja. Simu walipiga mara mbili. Sikupokea, kwani ya simuni hayana saini.

Ofisi ya kwanza ilijibu siku ya 26: limefutwa. Ya pili ilingoja siku ya 30 yenyewe. Matokeo yale niliyahifadhi, kwa sababu deni lililofutwa linaweza kurudishwa iwapo aliyelipeleka atathibitisha kuwa ni sahihi, ila ofisi lazima ikuarifu kwa maandishi ndani ya siku 5 za kazi tangu ilirudishe.

Miezi miwili baadaye nilichukua ripoti tena. Deni halikuwepo. Anwani ya ule mji ilikuwa bado ipo kwenye moja, nikakaa kuandika barua ya nne.