110 yenye valvu ishirini: nilivyoitafutia oili upepo

Januari, kaskazi imekolea

Injini ya 5A, ile ya kwendea sokoni, imetoka. Ndani ya Corolla 110 sasa kuna 4A-GE ya valvu ishirini, ya kifuniko cheusi. Toyota waliiandikia nguvu farasi 165 kwa mizunguko 7,800 kwa dakika, na mgandamizo wa 11 kwa 1. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 1,587 tu, kwa hiyo nguvu zote hizo hutafutwa kwa kuizungusha. Balaa langu lilianzia hapo.

Sisi hukimbiza magari Jumapili kwenye yadi ya kontena Miritini, Mombasa, wiki ambayo mwenyewe ana nafasi. Koni, tairi kuukuu na saa ya simu. Gia ya pili karibu mwanzo hadi mwisho, ya tatu mara moja moja. Siku ya kwanza nilipiga raundi kumi, nikaegesha kivulini, injini inanguruma pole pole, na taa ya oili ikaanza kupepesa. Geji ya maji nayo mshale katikati, umetulia kama bwana harusi.

Geji hiyo ya dashibodi siiamini tena. Mshale umewekwa ukae palepale joto linapopanda na kushuka, hauondoki mpaka mambo yameshaharibika. Na taa ya oili haijui joto, huwaka presha ikiwa imeshaporomoka. Nilichomoa kijiti cha kupimia: oili ya wiki mbili, nyeusi, inanuka sufuria iliyoungua.

Februari

Nimeweka geji mbili, ya presha na ya joto la oili. Kazi ya saa moja iliyochukua siku nne, na kosa ni langu. Tundu la presha la Toyota lina uzi wa Kiingereza, meno 28 kwa inchi. Sensa niliyonunua ni ya Kimarekani, meno 27. Ukijaribu inaingia vizuri mizunguko miwili mitatu, unakaza, unajisifu. Sikufika hata Changamwe. Moshi mweupe chini ya boneti, na kijana wa bodaboda ubavuni ananipigia kelele, "Gari yaungua hiyo!" Haikuwa imeungua, ni oili iliyokuwa ikinyunyizia ekzosi. Fundi wa kukereza kule Majengo alinichongea kiungo cha shaba, upande mmoja meno 28, upande wa pili 27. Tangu siku hiyo halijadondoka tone.

Jumapili tuliyorudi Miritini: raundi ya nne, digrii 118. Raundi ya saba, 131. Ya tisa, 137, nikaondoa mguu. Ikinguruma pole pole baada ya hapo, presha chini ya baa moja.

Oili niliyokuwa nayo ni 5W-30. Namba 30 maana yake oili ikiwa digrii 100 uzito wake, yaani ugumu wa kutiririka, uko kati ya 9.3 na 12.5 kwenye kipimo cha sentistoksi. Ikifika 135 uzito huo umebaki karibu nusu, na beringi za krenki, ule mhimili mkuu wa injini, zinaelea juu ya utando mwembamba huo huo. Nikahamia 10W-40, ambayo kwa digrii 100 ni 12.5 hadi 16.3. Presha ikapata nafuu. Joto likapanda digrii mbili zaidi! Oili nzito husuguana yenyewe kwa yenyewe, na msuguano ni joto. Ilikuwa sawa na kumeza panadol jino likiwa bado limeoza.

Machi, kipoza oili

Mafundi wengi huku hukiita "oil cooler", na wakifupisha wanasema "kula". Mke wangu alinisikia nikiongea kwenye simu, "ile kula ya oili imefika," akauliza gari limeanza kula oili tangu lini. Kwa hiyo humu nitasema kipoza.

Ni kama rejeta ndogo, ila ndani hupita oili. Changu kina mistari 19 ya mirija, nilikipata kwenye pua la gari lililokatwa Japani. Mapezi machache yamelala, nikayanyoosha kwa kibanio cha nyusi. Hapo nikaingia kwenye ubishi na fundi. Mimi nilitaka ile sahani ya chini ya filta yenye themostati, ambayo huifungulia oili njia ya kwenda kwenye kipoza ikishapata moto, digrii themanini na kitu.

"Themostati ya nini, mwanangu?" akaniuliza. "Hapa Mombasa. Hii si Ulaya."

"Ami, oili ikibaki baridi maji hayatoki ndani yake."

"Baridi? Wewe umeiona baridi wapi?"

Nikakubali kwa sababu sahani isiyo na themostati ilikuwa nusu ya bei. Yeye pia alishauri tukiweke mbele ya rejeta, katikati, panapopigwa na upepo zaidi. Matokeo: oili 129, lakini sasa maji nayo yakapanda, kwani rejeta ilikuwa inapokea hewa iliyokwisha pashwa moto. Nikawa nimehamisha ugonjwa chumba cha pili.

Jambo jingine: kipoza na mipira yake vilimeza zaidi ya nusu lita. Ukifunga chako, washa injini, zima, pima tena kijiti kabla ya kwenda popote. Na vinywa vyake viangalie juu, hewa isinaswe ndani.

Aprili, nyuzi za cherehani

Huu ndio mwezi niliojifunza kitu. Nilikihamishia kipoza kwenye kona ya bampa, upande wa kushoto, nikakikatia tundu lake na kukitengenezea mfereji wa bati la alumini. Maji yakarudi chini mara moja. Oili: 131. Mbaya kuliko kilipokuwa mbele ya rejeta.

Nilikaa nacho siku tatu. Mwishowe nikaiba nyuzi nyekundu kwenye cherehani ya dada yangu, nikazibandika vipande vifupi mbele na nyuma ya kipoza, nikafunga simu ndani ya bampa inarekodi. Tukaenda raundi mbili. Kwenye video, nyuzi za mbele zinacheza kidogo, za nyuma zimelala kabisa kama nguo kwenye kamba siku isiyo na upepo. Mfereji wangu ulikuwa unaingiza hewa kwenye chumba kisicho na mlango wa nyuma. Ikishajaa, inayofuata inapita pembeni.

Nikakata dirisha kwenye plastiki ya ndani ya fenda, nyuma ya kipoza, hewa itokee kwenye tairi. Nikaziba mianya ya mfereji kwa sponji ya godoro. Hiyo msifanye: ilinyonya maji siku niliyoosha gari, ikavimba, kisha ikakauka na kubomoka. Sasa nimetumia mpira wa tyubu ya baiskeli. Video ya pili, nyuzi za nyuma zimenyooka. Oili 124.

Zikabaki digrii chache za kupunguza, na sababu ni yadi yenyewe. Kwenye koni injini inazunguka 7,000 lakini gari halifiki hata mwendo wa matatu iliyochelewa. Joto jingi, upepo kidogo. Kwa hiyo nikaongeza feni ndogo ya kondensa ya AC nyuma ya kipoza, inavuta, na swichi yake mkononi mwangu. Raundi kumi na mbili, 32 kivulini, saruji inachoma kupitia viatu: 119. Presha injini ikinguruma pole pole, baa moja na nusu. Nilishuka nikamkumbatia fundi, akanisukuma, nimemjaza jasho.

Jamaa yangu wa Nairobi ana injini kama hii, anasema hajawahi kuona zaidi ya 110 na hana kipoza. Namwamini, ila yeye yuko mita 1,700 juu ya bahari. Hewa kule ni nyepesi, injini isiyo na tabo (turbo, ya kuisukumia hewa) inavuta kidogo, inachoma kidogo, na nje kuna baridi. Sisi huku pwani injini inashiba hewa, tunapata farasi wote, na joto lao lote.

Mei, mvua

Ami, samahani, lakini nilikuwa sahihi. Nilikwenda Mtwapa alfajiri, mvua inanyesha, mwendo wa kawaida. Oili ilikaa 72 njia nzima. Nilipofungua kifuniko cha kujazia nikakuta utando wa rangi ya maziwa upande wa ndani: unyevu usiochemka ukatoka. Nimenunua sahani yenye themostati. Bei ilikuwa imeshapanda, bila shaka. Safari iliyofuata, 88. Fundi ameitazama geji, hakusema kitu, akaomba chai.

Niliweka pia wavu wa mbu mbele ya kipoza kuzuia mawe. Ukaongeza digrii sita. Nimeutoa. Badala yake kila tukitoka Miritini nakimwagia maji baridi ya bomba, kwani vumbi la yadi na chumvi ya hewa yetu vikishikana hukaa kwenye mapezi kama simenti.

Sasa joto limeshika adabu, naona kitu ambacho zamani sikukiona: kwenye ile kona ndefu ya kushoto, karibu na geti, presha inaanguka kwa sekunde moja kisha inarudi. Oili inakimbilia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na bomba la pampu linavuta hewa. Wiki hii yadi imejaa kontena, hatukimbii. Nitashusha sampu nione kama kuna nafasi ya kuchomelea vizuizi.