Jumamosi ya mwenye nyumba, Tandika

Nikisema nina nyumba ya kupangisha Tandika, watu hunitazama kama mtu anayekula hela huku amelala. Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani vyumba vingine vitatu, choo na bafu la wote. Marehemu baba ndiye aliyeijenga. Mama kazeeka, kaka zangu wako mbali, kwa hiyo usimamizi umeniangukia mimi ninayekaa Mbagala. Hii ni Jumamosi yangu ya mwisho wa mwezi.

Saa 11 alfajiri. Simu. "Shikamoo mama. Luku imekata." Ni mama wa maandazi, chumba cha pili; unga kashaukanda, anaumulikia kwa tochi ya simu. Mwenye zamu ya kununua umeme anasema juzi tu katoa elfu kumi. Nanunua tokeni, namtumia, najilaza tena nusu saa ambayo haikuwa usingizi.

Saa 2. Fundi bomba kabadilisha koki ya uani. Alitaka elfu 20, tukaachana kwa 12. Korido nimefagia mwenyewe, maana kila mlango niliogonga niliambiwa si zamu yake.

Saa 3. Dalali kaleta kijana wa chumba cha uani. Madalali siwachukii, ila shida yao ni chumba kipate mtu leo, wachukue kodi yao ya mwezi mmoja kwa mpangaji, waende. Mtu huyo akinisumbua mwezi ujao, namba ya dalali haipatikani. Kwa hiyo maswali nauliza mwenyewe. Kazi yake siichimbi sana, mjini hapa mtu akishasema "nahangaikahangaika" umefika mwisho. Nauliza alikuwa anakaa wapi, kilichomhamisha ni nini, na namba ya mwenye nyumba wake wa zamani, ambaye nampigia palepale yeye akisikia. Kisha mkataba wa kurasa mbili: tarehe ya kuingia na ya kuisha, notisi ya mwezi mmoja kwa pande zote, nani analipia maji, umeme na gari la kunyonya choo. Nakala ya kitambulisho cha NIDA, namba ya ndugu. Picha za chumba tunapiga wote wawili, kitasa, soketi, dari, namrushia WhatsApp ili siku ya kuhama tusibishane. Funguo anapewa akishajiandikisha kwa mjumbe.

Kodi yangu ni elfu 60 na nachukua ya miezi mitatu. Majirani wananiona mjinga, wao wanataka sita au mwaka. Mimi najua kijana wa chumba kimoja hana laki tatu na sitini mfukoni. Akija nazo, mara nyingi katoka nazo kwenye mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, na mwezi wa saba hana kitu. Na mwenye nyumba naye akishika za miezi sita anazila kwa mwezi mmoja, choo kinajaa mwezi wa nne.

Saa 6 mchana nikaitisha kikao cha luku.

Mita ni moja, vyumba tisa, kila chumba kinatoa elfu sita kwa mwezi. Wanaonuna ni walewale wenye taa moja na chaja. Anayenunisha ni mzee wa chumba cha tano, muuza barafu, mwenye friji la mlango wa juu linalofunguliwa kutwa na watoto wa mtaa mzima. Nikamwomba kwa adabu aongeze kidogo.

"Mwanangu, friji halili umeme. Likishaganda linajizima lenyewe."

Mama wa maandazi akacheka kwa sauti, na hapo ndipo kikao kilipoharibika. Mzee akauliza nani ana feni inayolala inazunguka. Mwenye feni akauliza nani anapiga pasi nguo za dukani kwake. Yakaingia mambo ya ndoo za maji ambayo hayakuwa kwenye ajenda. Kisha mmoja akanigeukia mimi: mbona umeme ukinunuliwa mwanzo wa mwezi hela inakatwa? Hiyo ni kodi ya majengo, tangu 2021 inakatwa kwenye luku. Kwa nyumba ya kawaida kama yetu ni 1,500 kwa mwezi. Ni deni langu mwenye nyumba, si lao, ndiyo maana tokeni ya kwanza ya kila mwezi nanunua mimi. Nimeshaeleza hili mpaka nimechoka, na bado kuna anayeamini naiweka mfukoni.

Binti wa chuo, chumba cha kwanza, ndiye aliyetuokoa. Akasema tuzime kila kitu, tuache friji peke yake saa moja, tusome mita. Tukazima. Tukakaa koridoni kwenye joto lile bila feni. Robo saa haijaisha, karibu nusu uniti imeshaondoka. Mzee akawa mwekundu wa macho: "Mnanionea!" Tukapita chumba kwa chumba kunusa. Chumba cha sita, chini ya kitanda, jiko la umeme lina maharage yanachemka. Mwenyewe kaenda sokoni kafunga mlango, tukamsubiri arudi, karudi na mchicha na matusi.

Tukaanza upya. Mita ilisoma 26.42. Saa nzima watu tisa tunatazama kidude ukutani. Ikasoma 26.32. Binti akapiga hesabu kwa sauti: kwa siku uniti 2.4, kwa mwezi 72. Nyumba ya matumizi madogo, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, ndiyo inayouziwa umeme kwa bei ya chini; sisi tumeshapita huko, tunanunua kwa karibu mara tatu, elfu kumi inatoa uniti 28. Yaani friji la mzee peke yake linakaribia kuimaliza nafasi ya nyumba nzima. Ni zaidi ya elfu 25, naye anatoa sita.

Mzee akanyamaza. Kisha akasema jambo la haki: "Na yule wa maharage?"

Baada ya hapo saa sikuzitazama tena. Nilimpelekea mdaiwa wa chumba cha nane notisi ya maandishi, mbele ya mjumbe, nakala ikabaki na sahihi yake. Kuna wenye nyumba wanaong'oa mlango au kuezua bati mpangaji akiwa ndani. Siku akienda kulalamika, kesi ni yako wewe. Mimi naanza kwa mjumbe, naenda serikali ya mtaa, Baraza la Kata litupatanishe, ikishindikana Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Inachosha. Ila huyu alilia kidogo, akalipa mwezi mmoja palepale.

Jirani wa nyuma kavizia mvua ya jioni akatapisha choo chake kwenye mtaro unaopita dirishani kwetu. Kwenda kumwambia, kurudi, kuoga, mambo mengine ya pale siandiki.

Kwenye daladala ya kurudi, kaka yangu wa Mwanza kaandika kwenye grupu la familia: "Kodi imeingia?" Nikamtumia picha ya daftari: koki, tokeni, dawa za mama, akiba ya gari la majitaka. Akajibu dole gumba.

Jumatatu naenda Kariakoo kuulizia bei ya mita ndogo tisa, moja kila chumba. Zikinizidi naanza na mbili: cha tano na cha sita.