Namna Uchimura Alivyokuwa Akitua

Jumapili jioni nikipita ufukwe wa Coco, huwa nasimama kuwatazama vijana wanaopiga samasoti mchangani, na kila mara jicho langu hukimbilia nyayo zao wanapotua. Tabia hiyo nimeipata kwa Kohei Uchimura wa Japani, ambaye nilimfuatilia kwenye runinga ya sebuleni kwetu Sinza kwa bidii ambayo sijawahi kuielekeza kwa timu yoyote ya kandanda, jambo ambalo shemeji yangu, mwana Yanga wa kufa na kupona, hajanisamehe hadi leo.

Uchimura alianza mazoezi akiwa na miaka 3 katika ukumbi wa wazazi wake, ambao wote wawili walikuwa wanajimnastiki. Kuanzia 2009 hadi 2016 hakuna aliyempokonya taji la dunia wala la Olimpiki katika shindano la jumla, lile linalomtaka mtu mmoja apite kwenye sakafu, farasi wa vishikio, pete, meza ya kurukia, vyuma sambamba na chuma cha juu. Alijikusanyia mataji sita ya dunia na mawili ya Olimpiki.

Usiku ninaoukumbuka zaidi ni wa Rio, Agosti 10, 2016. Kikiwa kimebaki chuma cha juu peke yake, alikuwa nyuma ya Oleg Verniaiev wa Ukraini kwa alama 0.901. Alizunguka, akaachia, akadaka, kisha akashuka na nyayo zikaganda kwenye godoro kama zilizopigiliwa misumari. Waamuzi walimpa 15.800, Verniaiev, aliyepanda baada yake, akapata 14.800, na dhahabu ikaamuliwa kwa tofauti ya 0.099. Katika mchezo huu hatua ndogo tu wakati wa kutua hukatwa alama 0.1.

Mwaka 2017 mjini Montreal aliumia kifundo cha mguu alipotua kutoka meza ya kurukia, na mfululizo wake ukakatika hapo. Katika Olimpiki ya Tokyo, 2021, akishindana kwenye chuma cha juu pekee, alianguka katika mchujo, nami nikazima runinga. Oktoba mwaka huohuo mashindano ya dunia yalifanyika Kitakyushu, mji aliozaliwa, akamaliza wa sita. Shemeji aliniuliza ninachofurahia ni nini ikiwa mtu wangu ameshika nafasi ya sita. Nilirudisha video nyuma, nikamwonyesha anavyotua.