Nilivyoirudisha RAID 5 iliyopoteza diski mbili

Seva ilipowaka upya, `cat /proc/mdstat`, inayoonyesha hali ya RAID kwenye Linux, ilinijibu `md0 : inactive`, yaani safu yangu ya diski haijawashwa, na kila diski imebandikwa (S), alama ya diski ya akiba. RAID 5 huunganisha diski kadhaa ziwe safu moja na kuweka taarifa za ziada za kurudisha data; ya diski nne huvumilia kufa kwa diski moja tu. Mimi mbili zilikuwa nje.

Ukiuliza watu, wengi watakuambia uiunde upya kwa `mdadm --create` (mdadm ni programu ya Linux ya kusimamia RAID). Tafadhali usianzie hapo. Amri hiyo huandika vichwa vipya, yaani maelezo ya safu yanayokaa kwenye kila diski, juu ya vile vya zamani, na ukikosea mpangilio wa diski, ukubwa wa vipande au mahali data inapoanzia, mfumo wa faili unaharibika. Thamani za msingi za mdadm nazo zimebadilika toleo hadi toleo, kwa hiyo hata aliyeiunda mwenyewe asijiamini.

Mimi nilianza kwa kusoma bila kuandika chochote. `mdadm --examine` kwa kila diski, macho kwenye mstari wa Events, hesabu ya mabadiliko ya safu ambayo kila diski imeyarekodi. Hapo ndipo siri yote ilipo. sda1 (sehemu ya kwanza ya diski sda) na sdb1 zilisoma 48213, sdc1 ilisoma 48209, na sdd1 ilisoma 31077. Maana yake sdd ilitoka zamani, safu ikaendelea na tatu bila mtu kujua, hadi sdc nayo ilipojitoa juzi. Data ya sdd ilikuwa imechakaa, haifai kurudishwa. Ya sdc ilipishana na wenzake kwa matukio manne tu. Nilifarijika sana.

`smartctl -a`, inayosoma afya ya diski, ikaonyesha sdc ina sekta zinazosubiri kuhamishwa, yaani diski inachoka kweli. Sikutaka kuilazimisha kazi, nikainakili nzima kwenye diski mpya, sdf, kwa ddrescue, programu ya kunakili diski zinazoharibika:

`ddrescue -d -f -n /dev/sdc /dev/sdf sdc.map`

Kisha nikarudia bila `-n` ila kwa `-r3`, ili irudi kwenye sehemu zilizogoma. Faili la ramani ndilo linaloiwezesha kuendelea ilipoishia, kwa hiyo liweke kwenye diski nyingine. sdc yenyewe nikaichomoa, kwa sababu nakala inabeba UUID (namba ya utambulisho) ileile na pacha wawili wangemchanganya mdadm.

`mdadm --stop /dev/md0`
`mdadm --assemble --force /dev/md0 /dev/sda1 /dev/sdb1 /dev/sdf1`

Ikaandika kwamba inapandisha hesabu ya sdf1 kutoka 48209 hadi 48213, halafu: `started with 3 drives (out of 4)`.

Nikapandisha mfumo wa faili, ext4, kwa `mount -o ro,noload`, ili hata jarida, kumbukumbu ya mabadiliko ya mfumo wa faili, lisiguswe. Folda zote zikaonekana. Nilinakili kila kitu nje kwanza, ndipo nikashusha mfumo, nikakagua kwa `fsck -n`, na mwisho nikaongeza diski nyingine mpya kwa `--add`. Kujenga upya husoma diski zote mwanzo hadi mwisho, na diski iliyochoka huweza kufia hapohapo.

Sasa huduma ya `mdadm --monitor` hunitumia barua pepe diski yoyote inapotoka.