Siku yangu na Kidato cha Tatu: "Hii umeipata kwa nani?"

Saa 12:30 asubuhi
Daladala haijajaa, ila kundi la wazazi la WhatsApp limeshachangamka. Mtu ameweka kiungo, eti matokeo ya Kidato cha Nne yametoka. Juu ya ujumbe kuna mishale miwili, alama kwamba umeshapita mikono mingi. Tangu 2020 ujumbe wa aina hiyo hupelekwa kwa mtu au kundi moja tu kwa mara moja, na bado umetufikia. Najibu: matokeo hutolewa na NECTA, Baraza la Mitihani, kwenye necta.go.tz. Anwani hii si yao, msiibonyeze.

Saa 2:00
Vipindi vya Kiswahili, kisha madaftari ya kusahihisha.

Saa 4:30
Chai na chapati ofisini. Mwalimu mwenzangu ananiuliza nawafundishaje watoto habari za mitandao wakati simu ni marufuku shuleni. Kwa karatasi. Nachapisha jumbe na picha, tunazisoma. Simu wanazikuta nyumbani, za kaka na za mama, na huko hakuna mwalimu.

Saa 8:30 mchana
Klabu yetu ya kupima habari za mitandaoni. Zamani kidogo tulikuwa tunahesabu vidole kwenye picha na kukagua maandishi ya mabango, kutafuta kosa la akili mnemba (AI). Nimeliacha zoezi hilo. Picha za sasa zinatoka safi, na mtoto aliyezoea kutafuta kosa akilikosa ataamini. Sasa tunaanza na chanzo: nani kasema, na nani mwingine kasema?

Nawasimulia utafiti wa Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, 2017. Wanahistoria, wanachuo na wahakiki wa habari walipewa tovuti zilezile wazipime. Wahakiki waliwashinda wote, kwa sababu hawakukaa kwenye tovuti yenyewe. Walitoka haraka kwenda kusoma wengine wanasema nini kuhusu mwenye tovuti. Binafsi naona hakuna somo la kuwafaa zaidi vijana hawa.

Kisha nagawa ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Darasa zima linacheka, hakuna nyumba ambayo haijaupata. Hela ipi? Nani anadai? Mbona hakutaja jina lako? Nawaandikia ubaoni 15040, namba ya kuripoti utapeli.

Binti mmoja ananyoosha mkono. "Madam, na kama ni sauti ya mama mwenyewe?"

Kicheko kinakatika. Namwambia ukweli: sauti inaigwa siku hizi, kwa rekodi fupi tu. Kata simu, mpigie mama kwenye namba unayoijua. Tena mkubaliane nyumbani swali ambalo jibu lake hamjawahi kuliandika popote. Swali lake linakula muda wote uliobaki, na sijutii, maana wanaanza kutunga maswali yao pale pale, wakikataana: hilo liko Facebook, hilo jirani analijua.

Saa 10:15 jioni
Kazi ya wiki ijayo: kila mmoja alete ujumbe uliosambazwa nyumbani, kwa ruhusa ya mwenye simu. Kijana mmoja anabaki nyuma. Babu yake ndiye anayetuma habari za uongo kila siku. Atamwambiaje mzee kuwa amedanganywa?

Hamwambii hivyo, namjibu. Anamwamkia, anakaa naye, anamuuliza: "Babu, hii umeipata kwa nani?" Akimtaja mtu, wampigie pamoja.