Siku moja ya mama karanga (mkaanga samaki) aliyeokoka, hapa Malindi

Saa kumi na moja alfajiri adhana ya msikiti wa jirani ndo alamu yangu, ya simu nilishaizima kitambo. Naweka chai jikoni na kabla watoto hawajaanza kugombania soksi nakaa kwenye kigoda na Biblia yangu. Watu wakisikia ibada ya asubuhi wanadhani ni kulia na kunena kwa lugha saa nzima, yangu saa zingine ni aya chache na sala fupi manake samaki hawamngoji mtu. Siku hizi niko Yohana 21, pale wanafunzi wamevua usiku kucha bila kitu, asubuhi wakaambiwa watupe jarife upande wa kuume wakapata samaki 153. Nilicheka peke yangu. Yani Bwana amefufuka, dunia nzima imegeuka, na bado kuna mtu alikaa chini akahesabu samaki! Huyo alikuwa mvuvi wa kweli, hata hawa wa kwetu kukitokea nini lazima wahesabu kwanza.

Saa kumi na mbili na nusu niko pwani. Sai ni msimu wa upepo wa kusi, bahari imechafuka, vyombo vidogo haviendi mbali na samaki wakiwa haba bei inapanda yenyewe. Utaratibu wa pale ni kwamba matajiri, wale wenye vyombo na mitego, wanachukua wakubwa kina nguru na kolekole wa kupeleka mahotelini, sisi mama karanga tunangoja wadogo, tafi, pono, una, wa kukaanga na kuuza mtaani. Sasa ukiwa na wamama kumi na kikapu kimoja hapo ndo utajua kama yale maombi ya alfajiri yameingia au yalipita tu. Kuna viwiko, kuna maneno, kuna anayekumbushwa talaka yake mbele ya watu kwa sababu ya kilo mbili za tafi.

Leo nahodha mmoja mzee akaniita pembeni. "Mama Karisa, chukua hawa, pesa utaniletea jioni."

"Ahsante baba, Mungu akipenda."

"Inshallah."

Mzee huyu ni Muislamu wa swala tano na mimi sijawahi kumhubiria hata siku moja. Ananikopesha kwa sababu jioni namrudia, na siku biashara ikigoma naenda namwambia usoni, sizimi simu. Wako wenzangu kanisani wanaona huo si ushuhuda, ushuhuda ni kugawa vikaratasi sokoni. Haya, wagawe, sisemi ni vibaya, lakini pale pwani watu wanasoma mwenye kikaratasi kabla hawajasoma kikaratasi chenyewe.

Saa mbili tunaanza kuparua magamba, kutoa matumbo, kuchanja ubavuni ili chumvi na ndimu ziingie. Mikono iko busy midomo iko huru, na hapa nikwambie ukweli, vita vyangu vyote vya kiroho viko hapa, si kwa mapepo wala kwa wachawi, ni kwa masengenyo. Stori zikianza ni tamu kuliko samaki wenyewe, nani kaachwa, mtoto wa nani kaonekana wapi na mzungu gani. Zamani nikijaribu kunyamaza wanasema naringa, nikikemea wanasema mlokole ameanza. Siku hizi nina mbinu nyingine. Leo walipomleta kwenye stori mama mmoja jirani yetu, mume kaondoka kaacha kodi haijalipwa, nikasema jamani hebu huyo tumpelekee unga kwanza, stori tutamalizia tukirudi. Kimya. Halafu mmoja akasema mi natoa samaki wawili, mwingine akatoa nazi. Haifanyi kazi kila siku, kuna siku wananiambia toka hapa unatuharibia, lakini leo ilifanya.

Saa nne karai liko motoni. Mafuta ya kukaangia ndo mtihani wa huu wokovu wetu, manake mafuta ni ghali na kila mtu anajua unaweza kuyarudia na kuyarudia mpaka yawe meusi, ukiweka samaki yanatoa povu na moshi unauma macho, na mteja hajui chochote, yeye anaona samaki kaiva. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Mahubiri ya aya hiyo huwa ni ya wenye maduka makubwa, mimi naisomea hapa hapa kwenye karai. Yakibadilika namwaga. Na samaki waliobaki jana wanakaa sinia yao, bei ya chini, na nasema ni wa jana hata kabla sijaulizwa. Dada mmoja wa shughuli hii hii akaniuliza kwani utatajirika lini? Nikamwambia sijui mamangu, lakini wateja wa jana nawaona tena leo.

Mchana napeleka oda kwa mafundi wanaojenga upande wa nguzo ya Vasco da Gama. Waongozaji wanawaelezea wageni jinsi huyo Mreno alivyofika hapa 1498 na ule msalaba ulio juu ya nguzo, wageni wanapiga picha, mafundi wanauliza pilipili iko wapi.

Saa saba na nusu jua limekaa katikati ya kichwa, napumzika chini ya mwarobaini na narudia ile sura ya asubuhi, manake kuna kitu kilinibaki. Wanafunzi wanafika ufuoni wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate, na Yesu anawaambia njoni mfungue kinywa. Mimi kama mtu wa jikoni siwezi kuipita hiyo. Aliyeshinda mauti kaamka asubuhi kapika, na mmoja wa waliokuja kula ni Petro aliyekuwa amemkana, na kabla hajaulizwa lolote alilishwa kwanza.

Halafu nawaza Shakahola. Huwezi kuishi Malindi uongee habari za kumfuata Yesu ujifanye hukuona 2023, miili zaidi ya 400 ikifukuliwa msituni, watu wazima na watoto, wameambiwa na mhubiri wao wakijinyima chakula mpaka wafe watamwona Yesu. Yesu yule yule anayesema njoni mle! Miezi ile pale pwani nilikuwa naulizwa, na nyinyi ndo wale? Na swali lilikuwa halali. Watu wengine waliacha kanisa kabisa na siwalaumu. Sisi kwenye kikundi chetu cha mtaani tulibadilisha mambo, hakuna tena kusomewa mstari mmoja halafu mtu anahubiri saa mbili, tunasoma sura yote, kila mtu na Biblia yake, na kuuliza ni ruhusa. Matendo 17:11 watu wa Beroya waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama ndivyo Paulo alivyosema. Kama Paulo alikaguliwa, mchungaji wa mtaani kwetu ni nani asiulizwe?

Saa kumi mpaka saa moja kasoro ndo mauzo yenyewe, meza yangu iko kando ya barabara huku Maweni, tuktuk zinapita, watoto wanatumwa na sahani, mtu anataka kichwa cha pono tu. Na daftari la madeni. Kila siku naomba utusamehe deni zetu kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu, na daftari liko hapo linanitazama. Msimamo wangu ni huu, bibi mgonjwa nimefuta jina lake na sitaki kusikia habari tena. Lakini kijana wa boda anayenunua bando kila jioni halafu akiniona anakata kona, huyo nilimpigia simu leo na akalipa nusu. Kusamehe si kumlea mtu kwenye ujanja.

Namrudishia nahodha pesa yake, najipitisha nyumbani kuoga, na saa moja na nusu kikundi kiko kwangu. Binti mmoja mgeni akauliza kwa woga kama wiki ijayo atalazimika kufunga, ana mtoto anyonyaye. Mama mzee wetu akamjibu kabla yangu, "Wewe mwanangu kula. Ukitaka kufunga, soma Isaya 58, chukua chakula mpe mwenye njaa." Basi tukaifungua na tukaisoma mpaka mwisho, na palitokea ubishi kidogo kuhusu sabato ambao haukuisha.

Saa tatu na nusu nahesabu pesa na binti yangu mkubwa. Ya samaki wa kesho huku, mafuta huku, chama huku, karo huku. Akaniuliza, mama, zaka tunatoa kwa mauzo yote ama kwa faida? Nikamwambia kwa faida, na mchungaji nilishamwambia hivyo uso kwa uso, hakupenda sana.